Mwenda Jean Bosco, bingwa wa gitaa kavu

Barabara itokayo Gisenyi kwenda Ruhengeri huliacha ziwa nyuma, ikapanda kuelekea bonde la mto Sebeya, na baada ya mwendo mfupi humfikisha msafiri Kanama, penye soko la Mahoko. Zamani Kanama ilikuwa komuni katika mkoa wa Gisenyi. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 imekuwa sekta katika Wilaya ya Rubavu. Hapo ndipo jioni moja, wachuuzi wakiwa wamekwisha kufunga bidhaa zao, nilipomkuta kijana wa polisi ambaye hakuwa zamu, amekaa na gitaa la mbao mapajani, na simu yake juu ya kiti ikipiga wimbo wa zamani uitwao Masanga. Alikuwa ameusikiliza wimbo huo majuma mengi, na alikuwa amekata shauri kwamba wapigaji ni wawili, mmoja akishika besi na mwingine akicharaza nyuzi nyembamba. Kwa sababu hiyo alikuwa akitafuta mwenzake kambini wa kushika nafasi ya pili, ili wajifunze pamoja.

Mpigaji alikuwa mmoja. Nilipomwambia hivyo alitabasamu kwa adabu, kama kijana anavyomtabasamia mzee aliyekosea, na sikumlaumu hata kidogo. Watu wenye masikio yaliyofunzwa kuliko yangu na yake waliwahi kudhani vivyo hivyo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwaza juu ya askari wangapi katika vikosi vyetu wenye gitaa lililoning'inia ukutani bwenini, ambao wameliacha kwa kuamini kwamba walichokisikia hakiwezekani kwa mkono wa mtu mmoja. Kwa ajili yao yafaa yasimuliwe maisha ya mtu yule aliyeupiga wimbo ule.

Jina lake alilojulikana nalo kwanza lilikuwa Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, kusini mwa nchi iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Majina hayo mawili yanabeba historia mbili. Mwenda ni jina la Wayeke, watu ambao asili yao ni Usumbwa na Unyamwezi, magharibi ya Tanzania ya leo. Katika karne ya 19 walikwenda Katanga kutafuta shaba na pembe za ndovu, na mmoja wao, Msiri, akasimamisha dola yenye makao yake Bunkeya. Wasomaji wetu wa vikosini huenda wanakumbuka mwisho wa mtawala huyo: tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson, afisa katika msafara wa Stairs uliotoka pwani ya Afrika Mashariki pamoja na mamia ya wapagazi na askari waliochukuliwa Zanzibar. Nchi ikawa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Jina la pili, Jean Bosco, ni la kasisi wa Kiitalia ambaye shirika lake la Wasalesiani lilifika Katanga mwaka 1911 na kufungua shule nyingi huko. Basi mtoto huyu alizaliwa kwenye mji wa kifalme ulioanguka, akabatizwa kwa jina la mwalimu wa vijana.

Hata hivyo haikuwa Bunkeya iliyomfanya mpiga gitaa. Ilikuwa miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji wafanyakazi kwa maelfu, na ikawatafuta kila upande: Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, Kasai, na, kuanzia mwaka 1925, Ruanda-Urundi. Wako watu wa Rwanda waliopanda njia ile ndefu hadi Katanga, wakakaa katika kambi za kampuni pamoja na watu wa makabila yasiyosikilizana lugha, na wote wakajikuta wakisema Kiswahili. Mwenda alikulia katika dunia hiyo. Ndiyo maana nyimbo zake nyingi ni za Kiswahili cha Katanga, ambacho mtu wa Unguja atakisikiliza huku amekunja uso, lakini askari wa Gisenyi, aliyezoea Kiswahili cha Goma na Bukavu, atakifuata bila taabu.

Pamoja na watu zilikuja sauti. Kutoka mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuleta Afrika santuri za mfululizo wa GV, ambazo ndani yake mlikuwa na muziki wa Kuba. Wanamuziki watatu wa Trio Matamoros, kikundi kilichoanzishwa Santiago de Cuba mwaka 1925, walisikika kwenye gramafoni za kambi za Katanga kana kwamba walikuwa majirani. Zilikuja filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambao kila mmoja alikuwa na bastola kiunoni na gitaa begani. Zilikuja ngoma na nyimbo za Zambia. Na chini ya hayo yote ilikuwapo likembe, ile ala ndogo yenye ndimi za chuma juu ya kibao, ambayo mtu huishika kwa viganja viwili na kuipiga kwa vidole vichache tu huku akitembea safari ndefu. Mwenda aliyapokea hayo yote. Hakuna mwalimu aliyemwandikia somo ubaoni, wala chuo cha muziki kilichompa cheti. Alikuwa na masikio, mikono, na saa zile za jioni ambazo kazi ya mchana inamwachia mtu.

Hapa inafaa tusimame kidogo tueleze jambo lenyewe lilivyo, maana bila kulielewa hilo maisha ya mtu huyu yatakuwa orodha ya tarehe tu.

Gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, lina nyuzi sita. Tatu za juu ni nene na hutoa sauti nzito. Tatu za chini ni nyembamba na hutoa sauti kali. Mpigaji wa kawaida hupitisha mkono wa kulia juu ya nyuzi zote kwa pamoja, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyopiga tunapowasindikiza waimbaji kanisani au kwenye sherehe za kikosi. Mwenda na wenzake wa Katanga walifanya jambo jingine. Kidole gumba kilishuka juu ya nyuzi nene, kikihama kutoka uzi mmoja hadi mwingine kwa hesabu isiyobadilika, kama hatua za askari wa paredi. Kidole cha shahada kilipanda kwenye nyuzi nyembamba kikichukua wimbo. Vidole viwili, basi. Mtu aliyefunzwa gitaa la Kihispania atatumia vinne na bado atatafuta cha tano.

Ugumu haumo katika kimoja wala kingine. Gumba peke yake hata mtoto anaweza kulifundisha kwa siku mbili. Ugumu huanza pale kidole cha shahada kinapotakiwa kuhesabu kwa namna yake, kikiingia katikati ya mapigo ya gumba badala ya kuanguka pamoja nalo, kikitangulia mara hii na kuchelewa mara ile, ilhali gumba halitakiwi hata kugeuza shingo kutazama mwenzake anafanya nini. Akili ya binadamu haipendi jambo hilo. Ukiligeuzia shahada mawazo, gumba linasimama. Ukilirudia gumba, shahada inaanza kulifuata kama ndama anavyomfuata mama yake, na wimbo unakufa. Kisha, mkononi kukiwa na vita hivyo, mwimbaji afungue kinywa aimbe, na sauti yake nayo iwe na hesabu yake ya tatu.

Kwa hili hakuna njia ya mkato. Kuruta anapofundishwa kufungua na kufunga bunduki, siku za kwanza hutazama kila kipande. Baadaye mikono hutangulia macho. Mwisho hufungwa kitambaa usoni, na vipande vinakwenda mahali pake gizani huku yeye akijibu maswali ya koplo. Hakuna anayeweza kumweleza ni siku gani hasa mkono ulijua. Ndivyo lilivyo gumba la mpiga gitaa wa Katanga. Lazima lirudiwe mpaka liondoke kabisa katika mawazo, maelfu ya mara, polepole, kwa sauti ndogo isiyowaudhi majirani, na ncha za vidole vya kushoto zikiumia kwa waya wa chuma mpaka ziote sugu. Wapigaji wengi wa kizazi hicho walifunga kalamu ya risasi au kijiti shingoni mwa gitaa kwa uzi, ili kuipandisha sauti ifikie koo la mwimbaji. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyao.

Wataalamu wa muziki, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameona katika vidole hivyo undugu na ala za zamani kama likembe. Mimi naona maelezo hayo ni ya kweli, lakini yasitufanye tuseme kwamba Mwenda alirithi mkono wake. Likembe ilikuwa mikononi mwa maelfu ya watu kutoka Uganda hadi Angola. Masanga aliifanya mmoja.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa viwanda vya shaba ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Tracey alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku pamoja na kaka yake, na akaishia kuacha tumbaku ili azunguke nusu ya Afrika akinasa nyimbo kwa mashine zake. Alikuwa na tabia ya kusikiliza mitaani. Huko Jadotville alimsikia kijana wa miaka 22 akipiga gitaa barabarani, akamwomba akae mbele ya kinasa sauti.

Santuri za wakati huo, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande. Mtu alipewa dakika hizo tatu, basi. Hapakuwa na utaratibu wa siku hizi wa kunasa gitaa leo, sauti kesho, na kosa kulifuta keshokutwa. Gumba likiyumba katika dakika ya pili, limeyumba milele. Kwa hiyo anayesikiliza Masanga leo anasikia hesabu kamili ya saa zote alizowahi kukaa na ala ile kabla ya siku hiyo, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kumsaidia. Na jambo linalonistaajabisha kuliko yote ni kwamba hakuucheza wimbo kama mtu aliyeukariri. Kila anaporudi mwanzo wa duru anabadili kitu: anaongeza sauti moja, anaiondoa nyingine, anaipindua sentensi ya gitaa chini juu, halafu anatulia kana kwamba hakufanya lolote. Mwenye kukariri huogopa kubadili, maana akibadili atapotea. Mwenda angeweza kupotea popote na bado angejua njia ya kurudi.

Wimbo huo ulipewa Tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika kwa mwaka huo wa 1952, na santuri zake zikaanza kutolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini kwa alama ya Gallotone. Zikasafiri. Zilifika Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Salisbury. Vijana walizinunua, wakaziweka kwenye gramafoni, wakairudisha sindano nyuma mara kwa mara mpaka mifereji ya santuri ikachakaa, wakitafuta kujua yule mpigaji wa pili ni nani. Nadhani sasa msomaji ameelewa kwa nini sikumlaumu kijana wa Mahoko.

Baadaye alikuwako mtaalamu David Rycroft, aliyejaribu kuziandika sauti hizo kwenye karatasi kwa noti za Kizungu. Kazi hiyo ilimchukua makala mbili katika jarida la African Music, ya kwanza mwaka 1961 na ya pili mwaka 1962. Makala mbili za kitaalamu, kwa nyimbo ambazo mwenyewe hakuwahi kuziandika popote isipokuwa vidoleni!

Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni. Binamu yake Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine mashuhuri wa Katanga, naye alifanya kazi Kenya wakati ule. Athari ya watu hawa wawili kwa wapigaji wa Kenya ilikuwa kubwa. Magharibi ya Kenya, ambako George Mukabi alikuwa akicharaza mtindo wake wa vidole uliokuja kuitwa omutibo hadi kifo chake mwaka 1963, na katika vitongoji vya Nairobi vyenyewe, mtu aliyejiita mpiga gitaa alipimwa kwa kuambiwa apige kitu cha Bosco. Ulikuwa mtihani mkali, na wengi walirudi nyumbani kufanya mazoezi zaidi.

Wakati Nairobi ikimshangilia, kwao kulikuwa kunawaka moto. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Mji ule ule wa Jadotville ambako Masanga ilinaswa ukaingia katika vitabu vya vita. Kati ya tarehe 13 na 17 Septemba 1961 kombania ya askari wa Ireland, watu wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, walizingirwa humo na majeshi ya Katanga yaliyowazidi mara nyingi. Walipigana mpaka risasi na maji vilipowaishia ndipo wakasalimu amri, bila kupoteza askari hata mmoja aliyeuawa. Vyuo vya kijeshi vinalisoma pigano hilo hadi leo. Kujitenga kwa Katanga kulikoma Januari 1963. Yakaja mengine: mwaka 1977 na tena Mei 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliuvamia mkoa huo, safari ya pili wakauteka mji wa Kolwezi. Mwenda aliishi miaka mingi ya maisha yake Lubumbashi, katikati ya mkoa huo uliopigwa mara tatu.

Wala hakuishi humo kama nyota wa muziki. Jambo hili linafaa kukaziwa, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba mtu hufikia ustadi wa namna ile kwa kuwa hana kazi nyingine. Mwenda alikuwa mtu wa kazi. Aliajiriwa benki, alifanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, iliyochukua mahali pa Union Minière baada ya serikali kuitaifisha, aliongoza bendi yake mwenyewe yenye magitaa ya umeme, kwa kuwa wakati ulitaka hivyo, alikuwa mfanyabiashara, na akamiliki hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitaa lilipata sehemu yake baada ya hayo. Anayejua maisha ya kikosini ataelewa: zamu haimsubiri mtu amalize wimbo, na mwenye kupenda hupiga nusu saa kabla ya king'ora badala ya kungoja likizo.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport katika jimbo la Rhode Island, ambako wapenzi wa muziki wa asili walikusanyika kila mwaka. Huko alisimama mbele ya watu waliokuwa na wapiga gitaa wao wa vidole, weusi kwa weupe, wenye gumba lisiloyumba na sifa kubwa. Alikwenda na lake.

Kisha ikaja siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu. Nchi ikaitwa Zaïre mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, na raia wakaamriwa waache majina ya Kikristo. Jean Bosco akafutwa. Yeye akajiita Mwenda wa Bayeke, yaani Mwenda wa watu wake Wayeke, na kwa jina hilo santuri zake za mwisho zilitolewa. Hata hivyo Afrika Mashariki haikuzoea jina jipya, na hadi leo wazee wa Nairobi na Kampala husema Bosco, wakakaa kimya kidogo, wakatikisa kichwa.

Miaka ile ya 1970 mtindo wake ulikuwa umeanza kuwa wa zamani hata kwao. Bendi za Kinshasa, zenye magitaa matatu ya umeme, ngoma za Kizungu na tarumbeta, zilikuwa zimeijaza redio. Kazi ambayo yeye aliifanya kwa vidole viwili iligawiwa watu watatu, na kila mmoja akapewa sehemu iliyo nyepesi kidogo. Sisemi muziki huo ulikuwa mbaya. Nimeucheza kwa furaha kama wengine. Nasema tu kwamba kijana aliyeanza gitaa mwaka 1975 hakulazimika tena kuutatua ugomvi wa gumba na shahada mkononi mwake. Alitafuta mwenzake.

Basi mwishoni mwa miaka hiyo akaja Lubumbashi Mwingereza aitwaye John Low, mpiga gitaa mwenyewe, aliyesafiri kuwatafuta mabingwa wa Katanga wa miaka ya 1950 na 1960 ili akae mbele yao ajifunze kwa kutazama mikono. Aliwafuata Mwenda, Masengo na Losta Abelo, na safari hiyo akaiandikia kitabu, Shaba Diary, kilichochapishwa Vienna mwaka 1982. Linalonigusa katika habari hiyo ni kwamba santuri zilikuwako, na noti za Rycroft zilikuwako zimechapishwa kwa miaka karibu 20, na bado mtu aliyetaka kujua aliona hana budi kupanda ndege akautazame mkono wenyewe unavyokwenda. Sikio humwambia mtu ni sauti gani ilitoka, lakini si kila mara humwambia ilitoka katika uzi gani, kwa kidole kipi, na kidole kile kilipumzika wapi kabla ya hapo.

Mwaka 1988 Mwenda alikwenda Afrika ya Kusini, akaingia studio mjini Cape Town. Alikuwa na miaka 58. Ilikuwa zaidi ya miaka 35 tangu siku ile ya Jadotville, na safari hii alikuwa na vyombo safi vya kunasia, chumba kimya, na nafasi ya kurudia akikosea. Rekodi hizo zilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, na anayezipata azisikilize usiku, baada ya kusikiliza zile za mwaka 1952. Sauti ya mwimbaji imekuwa ya mzee. Haraka ya ujana imepungua. Lakini besi inatembea kama ilivyotembea, hatua kwa hatua, na juu yake kidole cha shahada kinaendelea na mambo yake kana kwamba hakimjui anayetembea chini.

Mwenyewe hakuishi kuiona santuri hiyo. Mnamo Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60. Masengo, binamu yake, alimfuata mwaka 2003.

Nilipita tena Kanama baada ya majuma sita hivi, siku ya soko, na mvua ilikuwa imeujaza Sebeya maji mekundu. Yule kijana alikuwa amepangiwa lindo la jioni, kwa hiyo tulizungumza kwa dakika chache tu kabla hajavaa koti. Hatafuti tena mwenzake. Tangu siku ile tulipoachana hajaugusa uzi mwembamba hata mmoja. Anapiga gumba peke yake kila usiku, na wenzake bwenini wamekwisha kumlalamikia kwa sajini mara mbili. Alinionyesha ncha za vidole vyake vya kushoto, zimekauka na kuwa ngumu. Kisha akaniuliza kama nadhani mwezi ujao anaweza kuanza kukiingiza kidole cha shahada, na nikamjibu kwamba hilo alipime mwenyewe: siku atakapoweza kupiga gumba lile huku akisimulia habari za mkesha wake wa lindo toka mwanzo hadi mwisho, bila gumba kusita, na ajaribu.